Makapi ya Papai

Mlangoni tunavuliwa mwanga.
Simu zizimwe, anasema Tamsin, msichana wa zamu,
mwenye hereni ya popo sikio moja tu,
na tochi yake imefunikwa karatasi nyekundu
kama jicho la mtu aliyekesha.

Aliyekesha ni mimi. Nimetoka kazi ya usiku,
nikabadili sare, nikaingia ya mchana:
kumsukuma Bwana Hesketh, miaka themanini na sita,
juu ya kokoto za mlima, nje ya Matlock,
mvua ya Machi ikitutemea mate.

"Humu," anasema, "tulichimba risasi."
Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe
akijua kufuli limebadilishwa.
Sasa mabomba ya moto yamepita ukutani,
nyuzi ishirini na sita, usiku na mchana.
"Popo wanapata joto. Sisi tulipata kikohozi."

Macho yanalizoea giza,
na dari linaanza kupumua.

Mia moja na kumi, ananong'ona Tamsin,
wa visiwa vya mbali, wa mwisho mwisho wa aina yao,
kila mmoja ana namba, ana jina, ana faili la daktari.
Wamejitanda mabawa
kama wanawake na buibui zao msibani
wakingoja maiti itolewe,
ila miguu juu.
Mmoja anakuna kwapa.
Mwingine kabanwa na mkojo: anageuka kwanza,
anashika mwamba kwa vidole gumba, anamaliza,
anarudi kichwa chini, kama si yeye.

Harufu inafika kabla ya jina lake.
Shokishoki zilizochacha chini ya mti,
manyoya mabichi.
Mtambwe. Nina miaka tisa.
Kaka yangu Hamdu amefunga wavu mbovu
baina ya mifenesi miwili,
na mimi nimeshika gunia, nimefumba macho.
Mwalimu wa chuoni alisema makuruhu.
Mama akasema makuruhu si haramu,
akaendelea kukuna nazi.

"Na kwenu wapo?" Tamsin ananiuliza.
"Wapo."
"Mnawapenda?"
Ulimi unaning'inia kichwa chini.
"Sana," nasema,
na Mungu anajua sikusema uongo.

Sinia linakuja. Papai la dukani,
gumu, halina harufu, limekatwa vipande sawasawa.
Dari linavunjika.
Upepo wa ngozi unatupiga usoni, mara mbili, mara tatu,
kisha kutafuna tu, kutafuna na kugombana.
Namba sitini na moja anakamua maji yote,
anatema makapi:
pu! juu ya blanketi la Bwana Hesketh.

Njiani kuteremka nafunga breki.
"Niliwahi kuwala," namwambia.
Kimya. Halafu anacheka, anacheka hadi anakohoa,
nampiga mgongo, anacheka tena.
"Ladha yake?"
Nafikiri kwa haki.
"Paja la kuku
aliyelelewa na doriani."

"Mlikuwa mnawapiga bunduki?"
"Sisi wavu. Waliokuwa nazo, walipiga."
Nikamweleza kwamba kwetu ni neno moja,
risasi ya mgodini na risasi ya bunduki,
hatukuona haja ya kuyatenganisha.
Akatazama viganja vyake,
akavigeuza, akavitazama tena.
"Basi huenda ilikuwa ya kwetu," akasema.

Mvua imekatika. Chini kule basi linatungoja, taa zinawaka.
Natoa kitambaa niyapanguse makapi,
duara dogo, limekauka, lina alama za meno.
"Acha," anasema,
analifunika kwa kiganja
kama kitu kinachoweza kuruka.